Mbeleko Iliyobeba Mbwa

Hapo zamani, wala si zamani ile ya fisi kusemezana na sungura, bali zamani hii ya karibu ambayo mama zetu wakiulizwa wanaikumbuka, palikuwa na kijiji cha milimani kilicholima mahindi na tangawizi. Mashamba yake yalipanda kama ngazi, nyumba zikakaa juu ya ngazi hizo, moja hapa, nyingine pale, na mfereji mmoja wa maji ukazipitia zote.

Kijiji hicho kilikuwa na usemi wake: mbwa ana mlango mmoja. Anayekula milango miwili halindi hata mmoja.

Hapo aliishi mama kijana, jina lake Namsifu. Mumewe alifanya kazi mbali, akija nyumbani siku za sikukuu. Alikuwa na mtoto mmoja, Elinami, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kusimama kwa kushika ukuta. Nyumba ilikuwa kimya. Namsifu akasema moyoni, "Nitatafuta mbwa atulinde, na mwanangu apate wa kucheza naye."

Chini ya mlima, karibu na barabara kuu, palikuwa na mwanamke aitwaye Bi Foibe. Huyo aliwaokota mbwa waliotupwa: waliotiwa kwenye gunia wakaachwa sokoni, waliogongwa na magari, waliozaliwa mitaroni. Aliwalisha, akawatibu, kisha akawatafutia kwao. Hakuuza mbwa. Lakini hakumpa mbwa mtu yeyote kabla hajamuuliza.

Namsifu alipofika, vibwa walimrukia wote, isipokuwa mmoja. Huyo alikuwa mwekundu kama udongo wa njiani, sikio moja limesimama, la pili limelala. Alimtazama kwanza, kisha akaja taratibu akakaa juu ya unyayo wake.

"Huyo amekwisha kukuchagua," alisema Bi Foibe. "Sasa nijibu wewe. Utampenda?"

"Nitampenda."

"Akikutafunia kandambili?"

Namsifu akacheka. "Nitampenda na kandambili moja."

"Na akiugua?"

"Hata akiugua."

Bi Foibe akamfunga kibwa kamba ya katani shingoni. "Kamba hii ni ya safari," alisema. "Masika yakiisha nitapanda kuja kumwona. Nikimkuta hai, na ana kwao, nitamfungua kamba hii, na aliye naye nitampa ukanda wa ngozi amfunge kwa mkono wake mwenyewe. Atakayemfunga ukanda ndiye atakayempa jina. Ukanda mmoja, shingo moja, mlango mmoja. Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

Basi kibwa akapanda mlima bila jina, na kwa kuwa hakuwa na jina wakamwita Mgeni.

Pale kijijini palikuwa na desturi. Kiumbe aletwaye kutoka mbali huogeshwa maji ya mfereji, ili asahau njia ya kurudi. Ndama aliyenunuliwa huogeshwa, mbuzi wa mahari huogeshwa, hata bibi harusi hunawishwa miguu. Namsifu naye akamchukua Mgeni mpaka kwenye kona ya mfereji, chini ya shamba la jirani yake, Mzee Mkomwa, pale ambapo maji yanapunguza mwendo. Akamwogesha. Maji yalikuwa baridi na Mgeni akatetemeka. Namsifu akavua sweta lake akamviringisha. Mzee Mkomwa alikuwa juu shambani, ameegemea jembe, anamtazama. Hakusema neno, naye Namsifu hakusema neno, maana tangu ugomvi wa zamu ya maji nyumba hizo mbili zilikuwa hazisalimiani.

Mgeni akacheza. Akatafuna kandambili, kama ilivyotabiriwa. Elinami akimvuta sikio lililosimama, anampa na lililolala.

Kisha ikaja asubuhi ambayo Mgeni hakuamka kumpokea mtu. Alikuwa amejikunja pembeni, pua imekauka, macho yanaona lakini hayatazami. Namsifu akamwekea uji, hakuula. Akamwekea dagaa, akageuza uso.

Mama mkwe wake, Bi Nakiete, aliishi peke yake kwenye nyumba iliyo ngazi moja chini. Bi Nakiete hakuwapenda mbwa. Siku Mgeni alipofika alisema, "Mbwa huyu sitamwekea sahani mimi." Lakini asubuhi hiyo alimsikia mkamwana wake akilia, akapanda. Alikuja na bakuli la dang'a, yale maziwa mazito ya mwanzo, maana ng'ombe wake alikuwa amezaa. Dang'a ni chakula cha heshima. Hupewa mgonjwa anayependwa.

"Mpe," alisema. "Silii mimi kwa ajili ya mbwa. Nalia kwa sababu wewe unalia."

Mgeni akainuka kwa adabu, kama mgeni anayeona haya kukataa, akanywa yote. Haukupita muda akatapika, kisha akaanza kuhara, na aliyoharisha yalikuwa na damu.

Bi Nakiete akaliangalia bakuli lililo tupu mkononi mwake. "Nimemuua," alisema.

"Hujamuua, mama. Twende kwa bwana mifugo."

Twende, lakini vipi? Mvua ilikuwa imekata barabara, na pikipiki hazikupanda. Mgongoni mwa Namsifu alikuwa Elinami. Mgeni akawekwa kwenye kikapu, lakini ndani ya kikapu alitetemeka hadi kikapu chenyewe kikatetemeka.

"Huyu anataka joto la mwili," alisema Bi Nakiete. "Ningojee." Akashuka nyumbani kwake. Aliporudi, alikuwa ameshika mbeleko.

Hapa msikilizaji ngoja nikuambie habari ya mbeleko hiyo, la sivyo hutajua kilichotendeka. Ilikuwa nguo nzito yenye rangi ya kahawia. Ndiyo Bi Nakiete aliyowabebea watoto wake wote, na hakuna hata mmoja aliyekufa mchanga. Dada yake akaazima, mtoto akaishi. Jirani akaazima, mtoto akaishi. Basi ikawa mwanamke yeyote wa kijiji kile akijifungua huenda kwa Bi Nakiete, akabisha hodi, akaazima mbeleko kwa ile safari ya kwanza ya kumtoa mtoto nje. Nao waliketi, wakanywa chai, wakamwachia habari za dunia. Hiyo ndiyo iliyokuwa heshima yake, na ndiyo iliyokuwa mazungumzo yake.

"Mama, si hiyo!" alisema Namsifu.

"Nyingine zote ni nyepesi. Mfunge."

"Watu watasema."

"Watasema wakiwa wamekaa. Sisi tutakuwa tunatembea. Funga!"

Namsifu akamfunga mbwa mgongoni mwa mama mkwe wake, kwa mbeleko ya watoto. Wakateremka, mkamwana mbele na binadamu mgongoni, mama mkwe nyuma na mbwa mgongoni. Njia ilipita katikati ya soko, na siku hiyo ilikuwa siku ya soko.

"Bi Nakiete!" aliita muuza ndizi mmoja. "Mjukuu huyo mbona ana mkia?"

"Na wewe wako mbona hana adabu?" alijibu Bi Nakiete, wala hakusimama.

Soko likacheka. Wengine walicheka wakashika mbavu. Lakini mwanamke mmoja mjamzito hakucheka. Aliitazama mbeleko, akaweka mkono juu ya tumbo lake, akageuka. Namsifu alimwona. Aliona pia kwamba mama mkwe wake amemwona.

Bwana mifugo alikuwa kijana mpole mwenye sauti ndogo. Akampima Mgeni, akamtundikia dripu, akatikisa kichwa. "Huu ni ugonjwa wa vibwa," alisema. "Wengi huondoka nao. Msimpe maziwa wala chakula. Mpeni maji yaliyochemshwa, yenye sukari na chumvi kidogo, kijiko baada ya kijiko. Akitapika, subirini, mumpe tena. Kuna jambo moja zaidi ambalo ningelijaribu. Damu ya mbwa mkubwa, aliyewahi kuugua ugonjwa huuhuu akapona. Siahidi kitu. Lakini mbwa kama huyo nitamtoa wapi leo?"

"Hodi," ilisema sauti mlangoni.

Alikuwa Mzee Mkomwa, amelowa hadi magotini, na mkononi ameshika kamba, na mwisho wa kamba yupo mbwa wake Doria. Doria alikuwa mbwa jike mkubwa wa rangi ya majivu, aliyejulikana mlimani kote. Nyani wakimwona Doria hutafuta shamba lingine.

Mzee Mkomwa hakuwasalimu wanawake. Alimwambia bwana mifugo, "Nimesikia sokoni kwamba ni kuhara damu. Nimeleta damu."

"Amewahi kuugua?"

"Msimu uliopita alizaa. Vibwa vyote vilikufa kwa ugonjwa huo, naye aliugua, ikabaki kidogo afe. Akainuka." Kisha, akiwa bado anamtazama bwana mifugo, akasema, "Vile vilivyokufa niliona aibu kuvisema. Nikavitupa kwenye kona ya mfereji. Siku huyu mama anamwogesha mbwa wake, alimwogesha palepale. Nilimwona. Nilitaka kupaza sauti. Nikakumbuka kwamba hatusalimiani."

Dripu ikadondoka, tone, tone.

Namsifu alitaka kukasirika. Lakini aliona magoti ya yule mzee yaliyolowa, akaona jinsi alivyoishika kamba ya Doria kwa mikono miwili, kama mtu anayeogopa kuombwa kitu alichokwisha amua kukitoa.

"Shikamoo, Mzee Mkomwa," alisema.

"Marahaba, mwanangu."

Doria akalazwa ubavu. Akachomwa sindano, hakubweka. Alimtazama bwana wake tu. Damu yake ikatoka kwake ikaingia kwa Mgeni.

Wakarudi nyumbani, na ikaanza kazi ya kijiko. Namsifu akampa kijiko. Mgeni akanywa? Akanywa. Akatapika? Akatapika. Namsifu akasubiri, akampa tena. Akanywa? Akanywa. Akatapika? Akatapika. Bi Nakiete akijaribu kumpa yeye, kibwa alifunga mdomo. Kwa mkono wa Namsifu tu ndipo alipofungua.

Basi wiki hiyohiyo mdogo wake Namsifu, aitwaye Nakunda, alikuwa anaolewa, kijiji cha pili. Na kwao, bibi harusi hutolewa nje ya nyumba ya wazazi na dada yake mkubwa, amemshika mkono. Si shangazi, si rafiki. Dada. Namsifu alikuwa ameshona gauni, na gauni lilining'inia ukutani.

"Nenda," alisema Bi Nakiete. "Huyu ni mbwa. Yule ni damu yako."

Namsifu akasimama. Akavaa gauni. Akafika mlangoni. Mgeni hakulia, hakuwa na nguvu ya kulia. Aliinua tu lile sikio lililosimama, akaliacha likaanguka. Namsifu akarudi akaketi chini na gauni lake, akachukua kijiko.

Bi Nakiete akaenda peke yake na zawadi. Aliporudi alileta salamu, na alizileta kama mtu anayebeba kaa la moto. "Nakunda amesema hivi: 'Mwambieni dada nimetolewa nje na mkono wa jirani. Yeye abaki na ndugu yake mwenye mkia.'"

Namsifu akalia. Machozi yakadondokea gauni, wala hakuacha kijiko.

Asubuhi moja Elinami alikuwa ameketi sakafuni na kiporo cha ugali mkononi, nusu anakula, nusu anamwaga. Tonge likaanguka. Mgeni akanyoosha shingo akalinusa, akalila. Kisha akamtazama Elinami kama mtu anayesema, "Hakuna jingine?"

"Mama!" aliita Namsifu kuelekea chini. "Mama, njoo! Amekula!"

Bi Nakiete akapanda ngazi za shamba mbio, bila kiatu kimoja.

Mgeni akapona. Akanenepa, akarudia kandambili. Lakini kila kitu chema kilicholetwa katika nyumba ile kilikuwa kimetoka mahali, na mahali pale pakabaki pengo.

Bi Nakiete aliifua mbeleko, akaianika, akaikunja, akangoja. Yule mwanamke wa sokoni akajifungua, akaazima nguo kwingine. Mwingine akajifungua, naye hakuja. "Iliyobeba mbwa!" walisema. Chai ikachemka kwa Bi Nakiete ikapoa, maana hakuna aliyebisha hodi.

Doria hakufa, lakini hakuwa Doria tena. Alikuwa na umri mkubwa tayari, na baada ya siku ile hakupanda shambani. Alilala kizingitini. Nyani waliligundua mapema. Walikuja wakaketi katikati ya mahindi ya Mzee Mkomwa kama wageni walioalikwa, wakila huku wanamtazama.

Na Nakunda alipita barabarani siku moja na mumewe, akamwona dada yake, akaangalia upande wa pili.

Mgeni mwenyewe hakujua habari hizo. Asubuhi alikula kwa Namsifu na Elinami. Jua likipanda alishuka kwa Bi Nakiete, akalala juu ya miguu yake. Jioni alipanda kwa Mzee Mkomwa, akajilaza karibu na Doria, na nyani wakitokea alibweka kwa sauti yake ndogo, Doria akamlamba kichwa. Watu wakaanza kusema, "Mbwa gani huyu wa milango mitatu? Mwisho hatalinda hata mmoja."

Masika yakaisha. Bi Foibe akapanda mlima kama alivyosema, na ukanda wa ngozi mkononi. Akamkuta Mgeni uani kwa Namsifu, akafurahi hadi akaketi chini. Akamfungua kamba ya katani.

"Haya," alisema. "Ukanda mmoja, shingo moja, mlango mmoja. Nani anamfunga?"

Namsifu akanyoosha mkono. Kisha akaona kwamba si mkono wake peke yake: Bi Nakiete na Mzee Mkomwa nao walikuwa wamenyoosha yao.

"Subiri," alisema Mzee Mkomwa, aliyekuwa amekuja kumfuata Mgeni. "Sikuja kuiba. Lakini ndani ya mbwa huyu kuna damu ya Doria. Doria hana mtoto mwingine, na kazi yake haina mtu. Njooni muone mahindi yangu. Mimi na mke wangu tutakula nini, mabua? Mbwa huyu akipata ukanda wangu atafundishwa na Doria mwenyewe, kabla Doria hajaondoka."

"Damu ulimpa," alisema Bi Nakiete, "lakini ugonjwa alitoa wapi? Ulikuwa na mdomo, ukaufunga. Neno moja tu ungesema, 'Si hapo!'"

"Na wewe na dang'a yako?"

"Dang'a niliitoa kwa upendo!"

"Aliyekufa kwa upendo hazikwi?"

Sauti ya Bi Nakiete ikashuka. "Mimi nilikuwa na kitu kimoja cha heshima, nikambebea mbwa. Sijutii. Lakini zamani mlango wangu ulibishwa. Sasa anayeubisha ni huyu, kwa mkia wake. Mkamwana ana mtoto, ana mume atakayerudi. Mzee ana mke. Mimi jioni naongea na sufuria. Nimpe jina angalau mmoja ambaye mbeleko yangu ilimbeba akaishi, na watu wamwone akiishi."

Wakamgeukia Namsifu.

Namsifu alikuwa amekwisha panga maneno tangu siku ya kijiko. Alitaka kusema, "Mimi ndiye niliyemchagua." Alitaka kusema, "Nilimpoteza mdogo wangu." Lakini alimtazama mama mkwe wake, ambaye siku ile hakusimama sokoni. Alimtazama mzee, aliyelowa hadi magotini. Akayaacha maneno hayo.

"Niliulizwa swali," alisema mwishowe. "Niliulizwa, 'Na akiugua?' Nikajibu. Nimelitimiza jibu langu, na limenigharimu mnavyojua. Nami nilimwogesha maji ya baridi, sijasahau. Lakini Nakunda akija siku moja akaniuliza, 'Yuko wapi huyo uliyemkalia ukaniacha?' nimwonyeshe mlango wa nani?"

Elinami, aliyekuwa ameshika ukuta, akamwita kibwa kwa sauti isiyo neno bado. Mgeni akatikisa mkia. Lakini alitikisa mkia kwa wote, na kwa muuza ndizi angetikisa.

"Bi Foibe, amua wewe," alisema Mzee Mkomwa.

Bi Foibe akaugeuza ukanda mkononi. "Mimi siwezi," alisema. "Kwangu palikuwa pamejaa, na mvua zilikuwa zinakuja. Nilimtoa kabla chanjo yake haijakamilika, nikajiambia, 'Huko mlimani ni mbali, hakuna ugonjwa.' Nani atakubali hukumu yangu? Amueni ninyi, au muite watu waamue. Lakini sishuki na ukanda huu, na mbwa huyu halali tena bila jina."

Wakaita watu. Watu wakaja, wakajaa uani, hata wale waliocheka sokoni, hata yule mwanamke na mtoto wake mchanga mgongoni. Bi Foibe akauinua ukanda juu ili wote wauone. Mgeni akaketi katikati, shingo yake tupu, sikio moja limesimama, la pili limelala, akingoja kujua ataitwa nani.

Na hadithi yangu imekaa naye hapo, haiinuki mpaka mtu ajibu. Aliyetoa jibu akalitimiza, aliyetoa mbeleko, na aliyetoa damu. Na kila mmoja wao mkono wake una doa. Ninyi mlionisikiliza ndio mliojaa uani. Ukanda ni mmoja. Je, nani alistahili?